Sahani ya Tisa

Kabla hatujashuka kwenye basi nilimwambia Jingtao mambo manne. Asimmiminie Mama mvinyo kabla ya Mama Mkubwa, kwa sababu Mama Mkubwa ndiye wa kwanza kuzaliwa na hasahau. Asiisifu nyumba, kwa kuwa ni ndogo na wenyewe wanajua ni ndogo. Asiseme kazi anayofanya mpaka mimi nianze. Na bakuli la mwisho likifunuliwa, asishike pua.

"Yin," alisema, akanitazama kwa yale macho yake yaliyokuwa yakinimaliza nguvu, "unasahau unaongea na nani?"

Sikuwa nimesahau. Nilimpenda kwa sababu hiyo hasa.

Jingtao alikuwa akiandika mwongozo wa wasafiri kwa kampuni moja kule Hangzhou. Watu wanausoma kwenye simu: sahani mia moja za asili za Uchina ambazo msafiri hatakiwi kurudi kwao bila kuzionja. Mwaka juzi, nikiwa nimekaa nyuma ya duka la dawa ninalofanya kazi, nakula chakula changu cha mchana, nilifika kwenye sahani ya tisa. Ilikuwa ya kwetu Shaoxing. Ilikuwa mashina ya mchicha yaliyovundikwa, biashara ya mama yangu mlangoni pake, na ya bibi yangu kabla yake.

Alikuwa ameandika hivi: "Msafiri, usiogope. Hii ni harufu isiyomwomba mtu radhi. Tafuna taratibu, usikie shina linavyokatika kama muwa, na ndani yake utakuta subira ya wanawake wa mji huu."

Nilisoma mara nne. Shuleni wasichana walikuwa wakisogeza madawati yao mbali na langu. Bwenini nilikuwa nafua koti langu kila Jumapili jioni, na bado lilinuka. Halafu mtu nisiyemjua, mtu wa Taiyuan huko kaskazini, mla tambi na siki, anaandika kwamba harufu ile haiombi radhi. Nilimwandikia kumshukuru. Akajibu. Nilikuwa na miaka ishirini na tisa na sikuwahi kujibiwa namna ile.

Sasa tulitaka kuandikisha ndoa mwezi wa kumi, na Mama alikuwa amekataa mara mbili hata kumwona. Mtu wa kaskazini, alisema, atakuchukua akupeleke kwenye vumbi. Mara ya tatu nilipolia kwenye simu alisema, "Haya. Mlete Jumamosi mchana ale. Nikimwona anavyokula nitajua."

Kwa hiyo hatima yangu yote ilikuwa ndani ya bakuli moja, na mimi nilikuwa nimetulia. Nani angekula chakula cha Mama kwa heshima kama si yeye?

*

Kilikuwa kipindi kile cha joto la mwezi wa nane, ukungu wa kijani unapopanda mpaka kwenye kuta. Tulipofika kwenye ngazi za mfereji tulikuta wasafiri watano mlangoni kwa Mama. Msichana mmoja aliyevaa kofia pana alikuwa ameshika kijiti chenye kipande cha shina, na mwenzake anampiga picha za video.

"Ngoja nisome kwanza," alisema yule mwenzake, akafungua simu nyingine. "'Tafuna taratibu, usikie shina linavyokatika kama muwa…' Haya, tafuna!"

Msichana alitafuna. Macho yalimtoka. Akageukia mfereji akatema, akatema tena, na nyuzi za lile shina zikabaki zimening'inia kwenye mdomo wake kama nywele. Wenzake wakacheka mpaka wakashikana mabega.

Mama Mkubwa alikuwa kwenye kigoda chake mlangoni, anamenya maharage mabichi ya soya. Hakuinua kichwa.

"Tema, mwanangu, tema," alisema. "Samaki wetu wameshazoea. Wanenepe tu."

Ngazi zote zilikuwa zimejaa vipande. Vilivyotafunwa nusu, vilivyokanyagwa, vilivyokaukia kwenye jiwe na mate yake. Inzi walikuwa juu yavyo kama pilipili manga iliyomwagwa. Mama alitoka na ufagio, akasubiri wale wasafiri wapite, akaanza kufagia kwa uso wa mtu anayefagia kinyesi cha jirani.

"Miaka miwili sasa," alisema, hakunisalimu hata. "Hawali. Wanatafuna na kutema. Wanatafuna na kutema. Siku moja nitampata huyo aliyewaambia watafune, nitampa ufagio huu."

Nilihisi damu ikinipanda masikioni. Hilo ndilo nililokuwa nimemficha. Mama alijua kuna mwongozo; hakujua umeandikwa na nani. Nilikuwa nimepanga kumweleza baada ya chakula, mvinyo ukiwa umeshuka na moyo wake umelainika.

Na kweli neno lile, tafuna, nililiona mapema. Sisi hatutafuni. Lakini mtu anayesoma barua ya mapenzi hasahihishi makosa. Nilijiambia ni kosa la mhariri.

"Shikamoo, Shangazi," Jingtao alisema, akainama na mikono yake miwili imejaa zawadi: mvinyo chupa mbili, matunda ya peasi vikapu viwili.

Mama alimwangalia kuanzia viatu. "Marahaba. Ni mrefu," alimwambia Mama Mkubwa.

"Mrefu anakula sana," alisema Mama Mkubwa.

"Tutaona."

*

Meza ilikuwa imejaa. Kamba wadogo wa mferejini, nyama ya nguruwe iliyopikwa na mboga kavu, maharage ya Mama Mkubwa, figili za siki. Jingtao alimmiminia Mama Mkubwa kwanza. Hakuisifu nyumba. Aliulizwa kuhusu wazazi wake akajibu vizuri, aliulizwa kama anavuta sigara akasema hapana, na ni kweli. Mama Mkubwa alimuuliza kama mvulana wa Taiyuan anajua kuogelea, akasema hajui, akacheka, na Mama Mkubwa akacheka naye. Chini ya meza goti lake liligusa langu. Nikajiona niko mwezi wa kumi tayari.

Ndipo Mama alipoinuka akaleta bakuli lenye kifuniko, limetoka kwenye mvuke sasa hivi.

Alifunua.

Wageni wana namna nyingi za kuieleza harufu ile. Wapo wanaosema ni yai viza. Wapo wanaosema ni soksi ya mpagazi iliyosahaulika ndani ya ndoo. Mimi nilimtazama Jingtao tu. Ngozi iliyo chini ya macho yake ilibadilika rangi, ikawa kama nta. Matundu ya pua yake yalibana, yenyewe, bila yeye kutaka. Kisha akatabasamu.

"Aa!" alisema. "Harufu ya nyumbani."

"Nyumbani kwa nani?" Mama aliuliza.

"Kwa… kwa Yin, Shangazi. Kwa hiyo ni kwangu pia."

Mama Mkubwa alinikanyaga mguu kwa furaha. Mama alichukua vijiti, akachagua kipande kizuri, kinene kama kidole gumba, kijani kilichoingia ukijivu, chenye ute unaovutika, akakiweka juu ya wali wa Jingtao.

Nilijua kitakachofuata kama ninavyojua kufunga vifungo vyangu. Unashika ncha moja kwa meno ya mbele. Unafyonza. Ule utomvu wa ndani unateleza wenyewe kwenye ulimi, na mkononi linabaki ganda tupu, gumu kama mwanzi, ambalo unaliweka pembeni ya bakuli. Ukimaliza kula unayahesabu maganda yako na ya mwenzio. Mtoto wa miaka minne anajua.

Jingtao alikiingiza kipande chote mdomoni, akauma katikati.

Krak.

Mama alisimamisha vijiti vyake hewani.

Krak. Krak. Alitafuna. Taratibu. Nyuzi zilianza kumsumbua. Nilimwona akizisukuma kwa ulimi kutoka shavu moja kwenda jingine. Ute ulimtoka pembeni ya mdomo, akaufuta kwa kidole. Jasho lilianza kwenye paji, likashuka kwenye nyusi. Akafumba macho, akameza, na koo lake likapanda na kushuka kama la bata anayelazimishwa pumba. Akameza tena. Ganda lote lilikwenda.

"Tamu sana, Shangazi," alisema. Sauti ilikuwa imemkauka.

Sikuweza kumtazama mdomo. Nilitazama meza.

"Umewahi kula kabla ya leo?" Mama aliuliza kwa upole.

"Mara nyingi."

"Wapi?"

"Hapa hapa Shaoxing. Kazini… nilikuja kikazi."

"Na walikufundisha kula hivyo?"

Jingtao aliniangalia mimi. Mimi niliangalia pembeni ya bakuli lake, pale ambapo palitakiwa kuwa na ganda, na hapakuwa na kitu.

"Umetafuna taratibu," Mama alisema. "Ukasikia linavyokatika kama muwa, siyo? Nayajua maneno hayo, baba. Nimeyasikia kila siku kwa miaka miwili. Huwa wanayasoma kwa sauti hapo mlangoni kabla ya kutema."

Jingtao aliweka vijiti chini.

"Ni wewe," alisema Mama.

"Shangazi, naomba nikueleze…"

"Ni wewe uliyeandika subira ya wanawake wa mji huu. Niliyashika na hayo. Nilidhani ni mzee fulani aliyechanganyikiwa."

"Kumbe ni kijana!" alisema Mama Mkubwa. "Tena mrefu."

Jingtao alifungua mdomo ajibu, na kilichotoka kwanza kilikuwa mbweu. Akasimama, kiti kikaanguka, akaupita mlango mkono ukiwa mdomoni. Tulimsikia kwenye ngazi. Ilichukua muda mrefu.

Mama alinigeukia. "Ulijua?"

"Nilijua ndiye aliyeandika, Mama. Sikujua hajawahi kula."

"Kuchukia chakula si kosa," alisema. "Wangapi wanakichukia. Ninamvumilia mtu anayekula kitu kibaya kwa sababu yangu. Lakini mtu anayesifu kitu asichokijua, Yin, atakusifu wewe leo, na kesho atamsifu mwingine kwa maneno yale yale. Nenda kamwone asije akaanguka majini. Hajui kuogelea."

*

Alikuwa ameketi kwenye ngazi ya tatu, viatu vyake katikati ya mabaki ya wale wasafiri na sasa na ya kwake. Sikukaa. Nilitafuta mahali pasafi pa kusimama, nikapata padogo.

"Samahani," alisema. "Tumbo tu. Safari."

"Sahani mia," nilisema. "Umekula ngapi?"

"Yin…"

"Naomba namba."

Alifuta mdomo kwa nyuma ya mkono. "Thelathini. Thelathini na kitu. Nilipewa mwezi mmoja na nusu, nchi nzima! Nani anaweza? Nilisoma walichoandika wengine, nikachanganya, nikaandika kwa uzuri zaidi. Wote tunafanya hivyo."

"Na hiyo ya wanawake?"

"Hiyo niliitunga mwenyewe," alisema haraka, kama mtu aliyepata hoja. "Hiyo ni yangu kabisa."

Nafikiri alitaka nifurahi. Nilikumbuka jinsi nilivyoketi nyuma ya duka la dawa nikisoma, kijiko mkononi, wali umepoa. Nilikuwa nimemfikiria akiwa kwenye meza fulani ya mbao mjini kwetu, peke yake, anafyonza taratibu, anawaza mikono iliyokata yale mashina. Miaka miwili nimempenda mtu yule mezani. Kumbe meza yenyewe haikuwepo. Palikuwa na ofisi, na kijana ananakili.

"Lakini kwako sijawahi kusema uongo," alisema. Alinyoosha mkono akashika pindo la gauni langu. Mkono ulikuwa na ute. "Niangalie. Nilipokuambia nakupenda, hilo sikulisoma popote. Wewe nimekuonja mwenyewe."

Aliyasema kwa sauti ile ile ya chini, na macho yale yale. Mwezi uliopita yangeniyeyusha. Sasa niliyasikia yanavyokatika, krak, krak, na kichefuchefu kikanipanda mpaka kwenye meno. Nilitoa pindo langu mkononi mwake.

Mimi si mwepesi wa kuhukumu. Dukani nimefundishwa kusoma karatasi ya daktari mara mbili kabla ya kugusa dawa. Kwa hiyo nilisimama pale, inzi wakipanda kwenye viatu vyangu, nikampima upya. Alikuwa amekula ganda zima kwa ajili ya mama yangu. Hilo ni kitu. Alikuwa na hofu. Mtu mwenye hofu husema lolote. Nikaona nimpe nafasi moja, nyepesi, ambayo hata mtoto angeipita.

"Jingtao," nilisema. "Mama hayupo hapa. Mama Mkubwa hayupo. Niko mimi tu, na nitakuwa mkeo mwezi wa kumi. Niambie ukweli mara moja. Chakula cha mama yangu kikoje?"

Alinitazama. Niliona jibu likija. Liliinuka usoni kwake lote, jeupe, wazi: kinanuka, kimeniua, sitakirudia mpaka kufa. Nilikuwa nalisubiri kwa moyo wote. Angelisema tu, ningekaa naye pale pale kwenye uchafu, ningecheka, ningeingia ndani kumpigania kwa Mama mpaka jioni.

Akatabasamu.

"Ni kitamu," alisema. "Kweli kabisa. Kina… kina ladha yenye kina. Nahitaji kuzoea tu."

Kipande cha uzi wa kijani kilikuwa bado kati ya meno yake.

"Basi la saa nane linasimama darajani," nilisema.

"Yin?"

"Unaliwahi."

"Kwa nini? Nimesema kitamu! Nimesema nini kibaya?" Alisimama, akateleza, akashika ukuta wenye ukungu. "Nitaifuta, kama unataka. Leo. Nitaandika upya, nitaandika kwamba watu wafyonze, nitamtaja mama yako kwa jina…"

"Usimtaje mama yangu."

"Basi nifanye nini?"

Alikuwa analia. Alikuwa mzuri hata akilia. Uso wake ulikuwa uso ambao ningeweza kuuangalia miaka arobaini. Nilitamani kumfuta machozi na sikutaka kumgusa, yote mawili kwa wakati mmoja, na mikono yangu ilibaki imening'inia tu.

"Sijui," nilimjibu. "Ningekuwa najua ningekuambia. Nenda, Jingtao."

Alipanda ngazi. Alisimama mara mbili. Mara ya pili nilitaka kumwita, nikafungua mdomo, na jina likakataa kutoka. Alipotea nyuma ya duka la soseji, mtu mrefu anayetembea kama aliyevaa viatu vya mwenzake.

*

Nilipoingia, kiti kilikuwa kimeshainuliwa. Mama Mkubwa alikuwa anakula kamba. Mama alikuwa amenijazia wali upya.

"Ameenda?" aliuliza Mama Mkubwa.

"Ameenda."

"Peasi zake ni nzuri," alisema, si kwa ubaya, na akanisogezea mvinyo.

"Kula," alisema Mama.

Hakusema nilikuambia. Hakusema neno lolote juu ya kaskazini na vumbi. Alinichagulia shina, akaliweka juu ya wali wangu, na nikaona anavyonitazama chini ya kope: aliogopa. Nililiinua kwa vijiti. Niliyala haya kabla sijaota meno. Mama anasema nilikuwa nafyonza na kulala na ganda mkononi. Nikashika ncha kwa meno ya mbele, nikafyonza.

Ute ulinijia ulimini, vuguvugu, na nyuma yake ikaja harufu. Ilikuwa ya kitu kilichokufa kwenye maji. Ilikuwa ya mtaro. Iliingia puani ikashuka kooni ikakaa pale. Nilitema kwenye kiganja. Nikakaa na ule uji wa kijivu mkononi, sijui niuweke wapi.

Mama Mkubwa aliacha kutafuna.

Mama aliweka vijiti chini polepole. Niliona midomo yake ikienda bila sauti, anahesabu miezi.

"Yin," alisema. "Niambie ukweli. Una mimba yake?"

"Hapana, Mama."

"Usinifiche. Nilipokuwa na yako, hiki ndicho nilichokataa kwanza."

"Sina, Mama. Nina hakika. Siyo hilo."

"Ni nini basi?"

Nilitaka kusema ni joto. Nilitaka kusema ni uchungu tu, kesho utapita. Maneno yalikuwa tayari, mazuri, yamepangwa.

"Kinanuka," nilisema. "Mama, kinanuka."

Nje wasafiri wengine walikuwa wamefika, mmoja anasoma kwa sauti. Mama alichukua kitambaa, akanifungua vidole, akanipangusa kiganja mpaka kikawa kikavu. Kisha akalifunika bakuli, akalisogeza upande wake wa meza, mbali na mimi. Akainuka kwenda jikoni. Nilisikia mafuta yakichemka.

Aliniletea yai la kukaanga, kwenye sahani ya wageni.